Jibu la Bi Sifa

Jumatatu, 14 Julai

Baridi ya Kihesa, hapa Iringa, haina adabu. Nimevaa sweta mbili na bado meno yanagongana.

Habari kubwa: nimepata njia ya kumwoa Ruwaida!

Njia ya kawaida ni kumpeleka mjomba kwa baba yake, mjomba akohoe, aseme tumekuja na shida yetu. Ruwaida mwenyewe ananiambia hivyo tangu Ramadhani. Bushiri, wewe njoo useme tu. Maskini, hajui siasa za mambo haya. Baba yake, Mzee Junaid, ndiye mwenye nyumba wangu. Mimi napanga chumba cha uani, kile kinachopakana na banda la kuku. Mtu hatoki bandani akaingia sebuleni kuomba binti. Inataka akili.

Na muda hautoshi. Shangazi yake Ruwaida wa Mbeya kaleta posa ya bwana mmoja mwenye duka la spea Mwanjelwa. Mzee ameahidi kumjibu mwisho wa mwezi.

Jana kwenye kahawa nikarusha neno. Nikasema siku hizi wapangaji wengi wanaoa kwa wenye nyumba. Mzee Junaid alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. Akaapa mbele ya baraza zima: siku atakapomwona Bi Sifa anamkubali Mwalimu Debe, kwa macho yake mwenyewe, siku hiyo mpangaji wake ataoa kwake.

Wote wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa napiga hesabu.

Niandike vizuri, nisije nikasahau nikizeeka. "Uani kwa Bi Sifa" kilikuwa kichekesho cha televisheni tulipokuwa watoto. Kikianza, hata wezi walikuwa wanakaa chini. Bi Sifa ana nyumba, wapangaji wanagombana juu ya bomba moja na choo kimoja. Mwalimu Debe, mpangaji wa chumba cha mwisho, anampenda Bi Sifa msimu mzima. Kipindi cha mwisho cha msimu wa pili anamchumbia. Bi Sifa anafungua mdomo ajibu, na umeme unakatika. Ilikuwa miaka ya mgao. Hakuna mtu wa Kihesa aliyesikia jibu, na kipindi hakikurudiwa. Mzee Junaid anasema alimfukuza. Anasema mwanamke mwenye nyumba hawezi kuolewa na chumba.

Nikiipata DVD ya msimu wa pili, nina mke.

Ruwaida kanikumbusha zamu ya kununua umeme wa nyumba wiki hii ni yangu. Nimemwambia nina mambo makubwa kichwani.

Jumatano, 16 Julai

Igowole, siku ya gulio. Ukungu mtupu. Nimemkuta mzee anaitwa Kalinga, anauza mbegu za viazi upande mmoja wa turubai na DVD za zamani upande mwingine. Nilimtajia "Uani kwa Bi Sifa" akavua kofia. Akafukua chini ya viazi akatoa msimu wa pili, kamili, DVD zote nne! Zina udongo kidogo. Nilitaka kumkumbatia.

Akasema kuna jambo moja anataka nilijue kuhusu nakala hii. Nikamwambia gari linaniacha. Nikakimbia.

Jioni hii nimezifuta kwa kanga ya mama. Ruwaida kapita uani na ndoo, kaniuliza ninafuta nini kwa upendo namna hiyo. Nimesema ni siri ya furaha yetu. Kasema furaha yetu inaanzia kwa mjomba wako wa Mshindo, naye hahitaji kufutwa. Ana ulimi msichana huyu. Maabara ya zahanati anakofanya kazi wanamfundisha ukali.

Alhamisi, 17 Julai

Tatizo la kwanza. Deki. Dunia imehamia kwenye simu na flashi, na Kihesa yote imebaki na deki moja nzima, ya Vitus.

Vitus ni fundi redio. Tunafanya kazi kibaraza kimoja, yeye na pasi yake ya kulehemu, mimi na makava yangu ya simu. Tumegombana tangu Machi kuhusu upande wa jua. Asubuhi jua linapiga upande mmoja tu wa kibaraza, na mwezi huu wa Julai upande huo ni sawa na kuwa na mama wa pili. Upande huo ni wangu. Nilimwahi.

Nimemwomba deki. Vitus aliangalia jua, akaniangalia mimi, akaangalia tena jua.

Sasa hivi naandika haya kivulini. Siyahisi masikio yangu.

Tumeanza kuangalia. Tatizo la pili! Sasa nimeelewa Kalinga alitaka kusema nini. Nakala hii ilipita kwa DJ. Wale madijei wa vibandani wanaotafsiri sinema za Wakorea na Wahindi kwa Kiswahili, wakipiga kelele juu ya sauti ya filamu. Huyu anajiita DJ Mwiko. Na kwa kuwa amezoea kutafsiri, amekitafsiri hata hiki kichekesho cha Kiswahili. Kwa Kiswahili!

Bi Sifa anasema hodi. DJ Mwiko anasema: oyaa, hapa mama kasema hodi. Mwalimu Debe anasema ana njaa. DJ Mwiko: jamaa anadai njaa inamuuma, wazee. Vitus alicheka mpaka akajichoma na pasi. Nilifarijika kidogo.

Lakini kichekesho chenyewe, jamani! Bado ni kitamu. Kile kipindi cha Bi Sifa kufunga bomba kwa kufuli halafu akameza ufunguo. Kile cha choo, wapangaji wote kwenye foleni na ndoo zao asubuhi, na Mwalimu Debe anaimba ndani kama hajui. Utotoni nilimwona Debe shujaa. Sasa nimekuwa mtu mzima naona ni mwongo, mwoga, anazunguka mlima mzima kukwepa kusema neno moja. Inashangaza kuwa kuna watu wa namna hiyo. Nilimwambia Vitus. Vitus aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akabadili DVD.

Ijumaa, 18 Julai

Balaa! Balaa tupu!

Kipindi cha mwisho. Mwalimu Debe amewapanga wanafunzi wake uani, wanamwimbia Bi Sifa wimbo wa posa. Yeye kajificha nyuma ya tangi la maji. Wimbo unaisha. Bi Sifa anatoka, anafuta mikono, anafungua mdomo. Mimi nimesimama, nimeshika kiti. Na DJ Mwiko anasema hivi: wazee, salamu ziende kwa wana wa Makambako stendi, salamu kwa mama mkwe Ilembula, na kwa muvi kali piga namba iliyopo kwenye kioo. Salamu hazikwisha mpaka majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

Hata midomo haionekani. Ameweka namba yake hapohapo kwenye midomo.

Nimepiga namba. Amepokea. Siku hizi ni mlokole, anauza kabichi, hasemi habari za muvi za dunia. Nikamwomba anikumbushie tu Bi Sifa alijibu nini. Akasema hakuwahi kusikia, alikuwa anatoa salamu. Ataniombea.

Nimekaa kivulini saa nzima. Halafu akili ikawaka. Kama DJ Mwiko aliweza kusema juu ya sauti yao, kwa nini mimi nisiweze? Jumapili Mzee anaonyeshwa kipindi cha mwisho sebuleni kwake. Ikifika pale, Vitus anazima sauti ya televisheni. Mimi niko nyuma ya pazia la korido na maikrofoni, na Bi Sifa anajibu ndiyo. Namba ya Mwiko imeziba midomo, nani atajua?

Wakati mwingine najiogopa.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeazima spika ya kuchaji, ile yenye maikrofoni, kwa Abrahamu anayeuza sumu ya panya sokoni. Ukikosea kitufe inaanza tangazo lake. Kaniambia nisiguse kitufe chekundu. Kitufe cheusi ndicho cha maikrofoni. Chekundu, panya. Nimekariri.

Nimefanya mazoezi ya sauti ya Bi Sifa ndani ya blanketi. "Ndiyo, Mwalimu. Nimekukubali." Kuku wamekaa kimya kusikiliza. Mama Ruwaida, Bi Waridi, alikuwa anachambua mchele uani. Kauliza kama nina homa. Nimesema mafua. Kaniletea tangawizi. Mama mkwe wa hivi unampata wapi?

Mzee amekubali onyesho kwa furaha kubwa. Amealika baraza zima waje washuhudie Bi Sifa akimfukuza Debe. Ruwaida kaniuliza kwa upole, kwa mara ya mwisho anasema, kwa nini nisiende kumwona baba yake leo, yuko peke yake, amekaa, anakula karanga. Nimemwambia avute subira hadi kesho. Kaondoka na ndoo tupu.

Jumapili, 20 Julai

Niandike kwa utaratibu.

Saa tisa alasiri. Mablanketi madirishani, giza la kutosha. Baraza lote limejaa kwenye mkeka, Mzee Junaid kwenye kochi lake, Bi Waridi na Ruwaida mlangoni. Mimi nimeaga kwamba tumbo linasumbua, nikapita korido, nikajificha nyuma ya pazia. Spika miguuni.

Mambo yalikwenda vizuri mno. Watu walicheka penye kucheka. Mzee alipiga mapaja. Wanafunzi wakaimba, Debe nyuma ya tangi. Vitus akazima sauti kama tulivyopatana, DJ Mwiko na salamu zake akanyamaza. Niliona kwa tundu la pazia Bi Sifa anatoka, anafuta mikono. Nikavuta pumzi. Nikafumba macho, sauti inakaa vizuri nikifumba macho.

"Mwalimu Debe," nikasema, sauti nyembamba, tamu. "Nimesikia wimbo wako. Moyo wangu umelainika. Mwanamke mwenye nyumba ni mwanamke tu. Mpangaji mwema ni zawadi ya Mungu. Ndiyo, Mwalimu. Nimekukubali!"

Kimya. Nikadhani wameguswa. Nikaongeza: "Na wenye nyumba wote waige mfano huu."

Kimya zaidi. Nikafumbua macho. Sebule ilikuwa giza. Televisheni giza. Deki giza. Umeme ulikuwa umekwisha kwenye mita kabla hata Bi Sifa hajamaliza kufuta mikono, na Bi Sifa alikuwa ameendelea kuongea.

Zamu ilikuwa yangu.

Nikainama kuzima spika. Nikabonyeza. "Panya, mende, kunguni, viroboto! Akila hapa, anafia kule! Mama usilale na adui!" Nikabonyeza tena. Sauti ikaongezeka. Mtu akafungua pazia. Nilikuwa nimeikumbatia spika kama mtoto mgonjwa, kanga ya mama kichwani. Kanga ilikuwa ya kunisaidia kuingia kwenye uhusika.

Siandiki tena leo.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeitwa sebuleni. Nilikwenda nimeshafunga begi.

Mzee Junaid alikuwa ameinama, mabega yanatikisika. Nikadhani ni hasira. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka Bi Waridi akamletea maji. Kisha akafuta macho akasema mchezo umekwisha, jibu la Bi Sifa halitajulikana mpaka kiama.

Ndipo Bi Waridi, huku anapokea glasi, akasema yeye analijua.

Mzee aligeuka kama kaitwa na marehemu. Bi Waridi akaeleza taratibu. Jioni ile ya mgao yeye alikuwa Mgololo kwa dada yake aliyejifungua. Kule nyumba za kiwandani zilikuwa na umeme wa kiwanda, mgao wakiusikia redioni tu. Alikiona kipindi mpaka mwisho, na mtoto mchanga mapajani. Mzee akauliza, kwa sauti ndogo, mbona miaka yote hii hakusema. Bi Waridi akasema hakuna aliyemuuliza.

Jibu lenyewe: Bi Sifa hakukataa na hakukubali. Alisema hivi: Mwalimu, wanafunzi wako nimewasikia, wewe bado. Njoo kesho useme kwa mdomo wako. Picha ya mwisho Bi Sifa amekaa uani, amemimina chai vikombe viwili, anaangalia mlango. Basi. Bi Waridi alipofika hapo aliangalia pembeni. Hata Mzee alikohoa. Ruwaida alikuwa ananitazama mimi, na sikuweza kumtazama.

Mzee akasema basi nami nije hivyohivyo. Ijumaa, baada ya swala. Mimi na mjomba wangu. Niseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, bila mashine. Atanijibu palepale. Mtu wa spea atasubiri.

Ruwaida kanisindikiza hadi mlango wa uani. Kasema Bushiri, sitaki uwe na akili. Nataka uwepo. Kaniambia hivyo, na macho yake yalikuwa na maji. Nimeapa nitakuwepo. Nampenda mpaka naogopa.

Nimelala nikiwaza. Kama kuna "njoo kesho", basi lazima kuna kesho. Yaani kuna msimu wa tatu! Ikiwa Debe alikwenda na Bi Sifa akamkubali, kiapo cha Mzee kinasimama na hawezi kunikataa. Kwa nini niende Ijumaa mikono mitupu?

Alhamisi, 24 Julai

Mbeya, Mwanjelwa. Kuna muuzaji aliniambia kwa simu anao. Nilitoka Iringa asubuhi. Kesho alfajiri narudi, kabla ya swala niko Kihesa nimekoga. Nimemwambia Ruwaida nimekwenda kunyoa.

Anao kweli! Kava limeandikwa kwa kalamu: BI SIFA 3. Sikuweza kujaribu, umeme haukuwepo sokoni. Nilimwamini, ana uso wa mtu mwaminifu.

Nimepita kulitazama duka la yule bwana wa spea. Kubwa. Lina jenereta lake. Nimeumia sana.

Ijumaa, 25 Julai

Chimala. Basi limekata roho hapa tangu asubuhi. Fundi yuko chini yake, miguu tu ndiyo inaonekana.

Nimejibanza kwenye mgahawa wa Mama Ng'washi, Msukuma wa hukuhuku Usangu. Mumewe yuko na ng'ombe mbugani. Ana betri ya sola, televisheni ndogo na deki. Deki! Simu yangu ilikuwa karibu kuzima. Nikamwomba vyote viwili. Akasema betri imechoka, mawingu tangu jana. Nichague, simu au deki, viwili haviwezi.

Nikafikiri kiume. Simu ni ya kuongea. Deki ni ya kujua. Nikasema deki, kidogo tu.

BI SIFA 3 ni harusi. Harusi ya watu wa Tukuyu, siwajui. Bibi harusi anaitwa Sifa. Nimeiangalia hadi keki, huenda mbele kuna kitu. Hakuna kitu. Keki ilikuwa ya ghorofa tatu.

Saa nane ujumbe wa Ruwaida ukaingia. Baba amevaa kanzu mpya. Mjomba wako amefika. Mama kamimina chai, vikombe viwili. Kimoja kinapoa.

Hapohapo akili ikawaka! Nikampigia Vitus. Nikamwambia achukue spika ya Abrahamu, akimbie kwa Mzee, aiweke simu kwenye maikrofoni, na arekodi kila kitu. Akaniuliza kama nina uhakika. Vitus hajawahi kuwa na imani na mimi. Nimemwachia jua mpaka Desemba.

Mama Ng'washi alisogea na sufuria lake. Akauliza ninafanya nini. Nikamwambia nachumbia. Akasema kwao mwanaume huwa anakwenda. Hata ng'ombe, akasema, huwa wanakwenda.

Nikasema yote. Kwa mdomo wangu! Nikiwa Chimala, lakini kwa mdomo wangu. Nilimwambia Mzee nampenda binti yake, sina duka wala jenereta, nitamheshimu mpaka kaburini. Niliisikia sauti yangu ikirudi kutoka sebuleni, kubwa, nzuri. Mama Ng'washi alifuta jicho kwa kitambaa cha chapati. Kisha nikasikia "panya, mende, kunguni", na Vitus akiomba radhi. Kisha Mzee Junaid akakohoa. Akasema: Bushiri, nimekusikia, na hapa yupo Ruwaida mwenyewe, amesimama, anataka kukujibu yeye. Nikasikia pumzi yake karibu kabisa na maikrofoni. Akasema, Bushiri —

Simu imezima.

Nimemwomba Mama Ng'washi anichajie walau kidogo. Kasema betri haina kitu, imeliwa na harusi ya watu wa Tukuyu.

Si neno. Vitus anarekodi. Nikifika nitamwomba anichomee jibu kwenye DVD, niliangalie nimetulia, bila haraka. Mama Ng'washi kauliza si nikifika nimuulize tu msichana mwenyewe. Nimemwonea huruma. Mambo haya ya kitaalamu hawezi kuyajua.

Harusi imebaki kipande cha mwisho. Nimemuuliza betri ikipata jua kidogo kama tunaweza kuimalizia.